Kijana tunayemlea kaanza kuvuta, je ndo anafuata njia ya mama yake?

Swali:

"Naomba ushauri. Tunaishi na kijana wa miaka 15, si wa kumzaa sisi, aliletwa kwetu na ustawi wa jamii mwaka jana na kabla ya hapo alishapita kwenye familia tatu. Mama yake mzazi ni mlevi, huwa wanaongea kwa simu. Mwezi huu nimekuta vepu (sigara ya umeme) kwenye begi lake na mara mbili karudi ananuka bangi. Nikimuuliza anasema 'inanituliza tu' halafu anajifungia chumbani. Mshauri wa shule alimfundisha kupumua kwa kina akiwa na stresi, yeye anasema ni ujinga. Mume wangu anasema hilo liko kwenye damu, tumpime mkojo kila wiki na akikutwa nacho tena arudishwe. Tuna mtoto mwingine wa miaka 8. Nampenda huyu kijana lakini naogopa. Ameshakuwa mraibu? Bado anaweza kusaidika?"

Jibu:

Dada yangu, nianze na lile linalokunyima usingizi. Hamjachelewa, na kwa maelezo uliyotoa hakuna mtaalamu anayeweza kusema kijana ni mraibu, harufu ya siku mbili na vepu moja haitoshi. Ila pia sitakwambia "ni utoto tu, atakua ataacha", manake kijana mwenye historia kama hiyo yuko kwenye hatari kubwa kuliko wenzake na mume wako hajakosea kuliona hilo. Alikokosea ni kwenye sababu, na kwenye tiba anayopendekeza, ambayo kwa maoni yangu inaweza kuleta kile kile anachokiogopa.

Tuanze na hiyo damu. Ni kweli tafiti za mapacha na za watoto waliolelewa na wasio wazazi wao zinaonyesha urithi unachangia kama nusu hivi ya tofauti za watu kwenye uraibu wa pombe. Sasa mtu akisikia nusu anadhani mtoto kazaliwa na nusu ya ulevi mwilini, imebaki nusu nyingine ajazie mwenyewe. Siyo hivyo. Hiyo hesabu inahusu kundi kubwa la watu, haisemi lolote kuhusu kijana mmoja aliye chumbani kwako, na kinachorithiwa wala siyo ulevi wenyewe, ni vitu kama namna mwili unavyoipokea pombe, wepesi wa kufanya jambo bila kuwaza, au kuwa mtu wa wasiwasi mwingi. Zaidi ya nusu ya watoto wa wazazi walevi hawawi walevi. Naomba mume wako alisikie hilo, na zaidi asiliseme tena neno "damu" mbele ya kijana, maana mtoto akiambiwa mara nyingi kwamba mwisho wake unajulikana anaona hakuna haja ya kujisumbua.

Kinachonitia wasiwasi mimi zaidi ni alikopita. Mwaka 1998 daktari Vincent Felitti na mwenzake Robert Anda walichapisha utafiti Marekani, waliuliza watu wazima zaidi ya 9,000 kuhusu mabaya waliyopitia utotoni: kutukanwa na kutishwa, kupigwa, kuguswa kingono, kuona mama akipigwa, kuishi na mlevi au mtumia dawa za kulevya, kuishi na mgonjwa wa akili, kuishi na mtu aliyewahi kufungwa. Waliopitia aina nne au zaidi, hatari yao ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12 ukilinganisha na wasiopitia hata moja. Kijana wako bila hata kumuuliza kitu ana moja ya uhakika, na mtoto haondolewi kwao hivi hivi, kwa hiyo huenda ana zaidi. Lakini usichukue karatasi ukaanza kumhesabia alama, ule utafiti ulikuwa wa makundi ya watu, haukutengenezwa kutabiri mtoto mmoja mmoja.

Sasa mbona mabaya ya utotoni yanampeleka mtu kwenye bangi, hapa ndo naomba tukae kidogo. Mwili wa binadamu una mfumo wa tahadhari, hatari ikija moyo unakimbia, misuli inakaza, homoni za stresi kama kotisoli zinapanda, hatari ikipita unashuka. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba ambayo hajui leo mama ataamka vipi, halafu akahamishwa, akahamishwa tena, mfumo wake unakuwa kama king'ora kilichotegwa vibaya, hata paka akipita kinalia. Mlango ukibamizwa kidogo, mwalimu akipaza sauti, wewe ukikunja uso kwa sababu ya kichwa kinachokuuma, yeye mwilini anapokea taarifa ya hatari. Na kushuka kutoka hapo huwa mtoto hajifunzi peke yake, anajifunza kwa kutulizwa na mtu mzima mara elfu tangu akiwa mchanga. Yeye hilo somo alilikosa au alilipata vipande vipande kwa watu tofauti tofauti.

Halafu siku moja rafiki anampa bangi na kwa mara ya kwanza king'ora kinanyamaza. Kwa hiyo akikwambia "inanituliza tu", mwamini. Hakudanganyi. Tatizo ni yale yanayofuata: kwa anayevuta kila mara mwili unazoea, siku asipovuta usingizi unakata, anakuwa na hasira na wasiwasi kuliko hata mwanzo, anavuta tena. Nikotini ya kwenye vepu ndo hatari zaidi kwa mchezo huu, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde, baada ya muda mfupi inashuka, anaanza kuhisi karaha, anavuta, karaha inaondoka, na yeye anadhani imemtuliza stresi za shule kumbe imetuliza karaha iliyoileta yenyewe. Ongeza na umri: sehemu ya mbele ya ubongo inayosema "subiri kwanza" inaendelea kukomaa mpaka miaka ya katikati ya ishirini, wakati ile inayotafuta raha imeshaamka zamani. Makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba kati ya watu 10 wanaojaribu bangi mmoja hivi anaishia kuwa tegemezi wa bangi, ila kwa walioanza wakiwa vijana wadogo ni mmoja kati ya 6. Kwa upande mwingine hiyo ina maana watano kati ya sita hawafiki huko. Kwenye pombe nako utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1997 ulikuta walioanza kabla ya miaka 15, asilimia 40 hivi walikuja kupata utegemezi wakati fulani maishani, walioanza wakiwa na 20 au zaidi ni kama asilimia 10. Kwa hiyo hata kumchelewesha tu, hata kumpunguzia, ni ushindi, usidhani ni lazima iwe aidha ameacha kabisa leo au ameshindikana.

Kuhusu stadi za kukabiliana na stresi, kuna watafiti wawili, Lazarus na Folkman, mwaka 1984 waligawa namna watu wanavyokabiliana na shida: kuna kuishughulikia shida yenyewe, na kuna kushughulikia hisia inayoletwa na shida. Kwenye hilo la hisia ndo kuna kukwepa, yaani kujifungia, kulala, kucheza gemu usiku kucha, kuvuta. Vitabu vingi vinasema kukwepa ni kubaya na mi naona hiyo ni nusu ya ukweli. Mtoto wa miaka 7 ambaye mama yake kalewa hawezi kushughulikia shida yenyewe, angefanya nini? Kujifungia chumbani kulimwokoa. Kutomwambia mtu kitu kulimwokoa, maana aliowaambia huenda hawakusaidia au walimhamisha. Kijana wako siyo kwamba hana stadi, anazo, alizitengeneza mwenyewe kwa nyumba nyingine. Sasa amehamia kwenu ambako hazihitajiki sana lakini mwili wake bado haujapata hiyo habari, na hauwezi kuipata kwa kuambiwa, unaipata kwa kuona siku baada ya siku.

Ndo maana kupumua kwa kina anaona ni ujinga. Mshauri wa shule hajakosea, kupumua taratibu huku pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia kweli kunapunguza mapigo ya moyo, shida ni jinsi kunavyofundishwa. Kwanza stadi yoyote inafundishwa mtu akiwa ametulia na kurudiwa mpaka izoeleke, siyo kumwambia kijana aliyewaka "hebu pumua", hapo umemwongezea moto. Pili, kuna watoto waliopitia mateso ambao kufumba macho na kusikiliza mwili kunawarudisha kule kule, wanaogopa zaidi, na hawajui kukueleza kwa hiyo wanasema ni ujinga. Kwa vijana kama hao mi huwa naanza na vitu vya mwili: maji ya baridi sana usoni nusu dakika (mwili wenyewe hupunguza mapigo ya moyo, ila mwenye matatizo ya moyo asifanye bila daktari), kukimbia, kupiga pushapu mpaka mikono itetemeke, muziki, kutembea na mtu bila kuulizwa maswali. Kazi za mikono pia. Muulize yeye ni nini kilishawahi kumsaidia hata kidogo kabla ya bangi, utashangaa kwamba ana jibu.

Na kuna stadi ambayo hawezi kuifanya peke yake, nayo ni kutulizwa na wewe. Ukiingia chumbani kwake na mapigo yako yako juu, sauti juu, hata maneno yawe mazuri vipi yeye atasoma mwili wako. Tulia kwanza wewe, kunywa maji, subiri hata saa nzima. Hii si kumdekeza.

Halafu kuna upande wa shida yenyewe ambao watu wanausahau wakikimbilia mambo ya kupumua. Angalia anavuta lini. Ni baada ya simu ya mama yake? Ni jioni ya kabla ya shule? Ni mwisho wa mwezi afisa ustawi anapokuja? Mtoto aliyehamishwa mara nyingi ana maswali mazito ambayo hakuna anayemjibu: nitakaa hapa mpaka lini, nikifika miaka 18 nitaenda wapi, mama akipona itakuwaje, mdogo wangu yuko wapi. Ukiweza kumpatia jibu la kweli la swali moja kati ya hayo, hata kama jibu lenyewe siyo zuri, umempunguzia sababu ya kuvuta kuliko mafunzo ya wiki nzima. Kama ni simu za mama ndo zinamvuruga, usizikate na wala usizitumie kama adhabu, kaa naye karibu kabla na baada, mpeni kitu cha kufanya saa ile.

Kupima mkojo. Najua kunavutia kwa sababu kunatoa jibu la ndiyo au hapana, lakini jibu lenyewe mara nyingi halina maana mnayodhani. Bangi kwa mtu aliyekuwa anavuta kila siku inaweza kuonekana kwenye mkojo wiki kadhaa baada ya kuacha, sasa fikiria kijana kajitahidi kweli wiki mbili, mkampima, ikasema ndiyo, mkamwambia arudishwe. Pombe nayo kwa vipimo vya kawaida inapotea haraka sana, na kuna vitu vingine vya kutengenezwa maabara havionekani kabisa kwenye vipimo vya kununua, kwa hiyo anajifunza kuhama kutoka kinachoonekana kwenda kisichoonekana, na kisichoonekana ndo mara nyingi kibaya zaidi. Kuna vipimo vinadanganya pia, dawa fulani za kawaida za hospitali zinaweza kuleta jibu la uongo. Kipimo hakisemi anavuta kiasi gani wala kwa nini. Mi nakubali kipimo kikiwa sehemu ya matibabu, kinasimamiwa na kliniki, kijana anajua na amekubali, na matokeo yanatumika kupanga msaada. Nje ya hapo mnakuwa askari na mtuhumiwa, na chumba kitazidi kufungwa.

Badala yake ongeeni. Siyo kikao, vijana wanaongea vizuri wakiwa hawatazamani na mtu usoni, kwenye gari, mkiosha vyombo. Sema ulichokiona bila kupamba: "nimekuta vepu, na nimesikia harufu mara mbili, sijakasirika kiasi cha kukufukuza, nataka kuelewa inakusaidia nini." Halafu nyamaza, usijaze kimya. Akisema inamtuliza, muulize inamtuliza nini, na je kuna kitu hakipendi kuhusu yenyewe. Mara nyingi kipo, hela, kifua, usahaulifu, ila akikisema yeye kina nguvu kuliko ukikisema wewe. Kuna kipimo cha maswali ambacho madaktari wa vijana wanakitumia na baadhi ya maswali yake yatakusaidia hata wewe kujua uzito wa jambo: Je anatumia ili kutulia au kujisikia vizuri? Anatumia akiwa peke yake? Anasahau aliyofanya akiwa ametumia? Ndugu au marafiki wameshamwambia apunguze? Ameshaingia matatani kwa sababu hiyo? Ameshapanda gari na dereva aliyelewa au kuendesha akiwa amelewa? Ndiyo mbili au zaidi maana yake ni kumpeleka kwa mtaalamu, siyo hukumu. Kwa ulichoniandikia moja tayari ipo, ile ya kutulia.

Sheria za nyumbani zibaki. Hakuna kuvutia ndani, hakuna kuleta nyumbani, hakuna kumhusisha mdogo wake, na akivunja kuna matokeo, labda simu, labda matembezi ya wikendi. Ila vitu vitatu visiguswe kamwe kama adhabu: chakula, mawasiliano na ndugu zake, na kukaa kwake hapo nyumbani.

Hicho cha tatu ndo naomba nizungumze na mume wako moja kwa moja. Shemeji, naelewa una mtoto wa miaka 8 na una haki ya kuogopa. Lakini huyu kijana ameshafukuzwa kwa maana yake yeye mara tatu, na kila kuhama kunamfundisha kwamba watu hawategemeki na vitu vinategemeka. Kuna utafiti maarufu wa kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto karibu 700 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka utu uzima. Kati ya wale waliokulia kwenye umaskini, ulevi wa wazazi na fujo za nyumbani, kama theluthi moja walikua wakawa watu wazima wazuri tu, na jambo lililojirudia kwenye maisha yao ni mtu mzima angalau mmoja aliyewashika wasimponyoke, na mara nyingi hakuwa hata mzazi. Ukisema "akikutwa tena arudishwe" unamwondolea hicho, na kijana wa aina hii akisikia hivyo huwa anaharakisha mwenyewe, anafanya kosa kubwa makusudi ili ajue moja.

Sasa sitawadanganya kwamba kila malezi lazima yaendelee kwa gharama yoyote. Akimuumiza mdogo wake, akianza kuuzia watu hapo nyumbani, akiwatishia kwa silaha, hapo usalama unatangulia. Hata hivyo ifanyike kwa mpango na afisa ustawi, kijana akiambiwa ukweli na mawasiliano yenu yasikatwe, siyo kupakiwa mabegi usiku. Na huyo afisa ustawi mwambieni mapema, sasa hivi, msisubiri mpaka mmechoka. Walezi wengi wanaficha wakiogopa mtoto ataondolewa, matokeo yake wanaomba msaada siku ambayo wameshaamua kumrudisha. Andikeni mnachokiona, semeni wazi "tunataka kubaki naye, tunahitaji msaada huu na huu". Na kijana ajue kwamba mtamwambia afisa, asije akasikia kwingine.

Msaada wa ana kwa ana mi ningeutafuta tayari, kwa sababu ya mambo mawili niliyoyataja: kuvuta ili kutulia, na historia yake. Tafuteni mtu wa saikolojia au kliniki inayojua vijana na inayojua majeraha ya utotoni, na ulizeni kama familia nzima inahusishwa, maana kwa umri huo tiba za uraibu zinazoingiza walezi ndizo zenye ushahidi mzuri. Kaeni mbali na sehemu zinazofungia watoto na kuwachapa eti wanawarekebisha, na zile safari za kuwatisha kwa kuwaonyesha jela, zilishafanyiwa utafiti na vijana wengine walitoka wabaya zaidi.

Kuna hali ambazo hamsubiri miadi. Akiongelea kufa au kujiumiza, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akizimia au mkashindwa kumwamsha, akipumua kwa shida au midomo ikawa ya bluu, hospitali saa hiyo hiyo, mlazeni ubavu, msimwache peke yake, na mwambieni daktari ukweli wote alichotumia. Na kama mkigundua anakunywa pombe kila siku au anameza vidonge vya usingizi na vya kutuliza, msimkatishe ghafla nyumbani, kuacha hivyo kwa mpigo kunaweza kuleta degedege na kuua, anatakiwa kushushwa na daktari.

Mdogo mtu mwambieni kwa kiasi chake: kaka ana shida anasaidiwa, ukiona kitu chake usishike, niite.

Wiki za kwanza tegemeeni mambo kuharibika kidogo kabla ya kutengenezeka, atawajaribu kuona kama kweli mnabaki. Msipime maendeleo kwa swali la amevuta au hajavuta pekee. Angalieni kama anatoka chumbani zaidi, kama analala, kama anaenda shule, kama siku akivuta anaweza kuwaambia bila kubanwa. Mkifika miezi miwili mitatu na yote hayo yanarudi nyuma, au anavuta asubuhi kabla ya kitu kingine chochote, rudini kliniki mwombe mpango mzito zaidi, na mume wako aende pia, asikutume wewe peke yako.